Anayekujibu Ni Nani

Uwanja mashuhuri wa mpira wa Arusha una jina la mshairi, na wengi wetu tunalitaja jina hilo kama tunavyotaja kituo chochote cha daladala. "Konda, nishushe Sheikh Amri." Basi, yameisha. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria katika serikali ya Nyerere, akafariki 1964 kabla hata mvi hazijamkalia kichwani. Kwa sisi tunaokula kwa maneno, kazi yake kubwa ni kitabu kilichotoka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Humo aliandika kwa mpangilio yale ambayo washairi walikuwa wakiyabeba masikioni: mizani inahesabiwaje, kina kikae wapi, na kwa nini mstari fulani unachechemea wakati jirani yake anatembea vizuri.

Kitabu cha namna hiyo huzaliwa penye ubishi. Amri alikuwa mtu wa jamii kubwa ya washairi ambao wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walikutana magazetini. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza Dar es Salaam 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi na liliwapa washairi nafasi. Karani wa Tanga alituma beti zake kwa posta, mwalimu wa Tabora akazisoma baadaye sana, na kama zimemgusa au zimemuudhi, akachukua kalamu. Shaaban Robert alisomwa humo kabla diwani yake ya kwanza haijatoka. Saadan Kandoro na Mathias Mnyampala nao walikuwa wa ukoo huo wa washairi wa magazetini, na wapenzi wa fani hiyo wakaanzisha chama chao, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Adabu yao ilikuwa inajulikana: mtu akiuliza jambo kwa shairi, anajibiwa kwa shairi, tena kwa kipimo kilekile. Ukitaka kumwambia mwenzako kwamba amekosea, lazima kwanza uonyeshe kwamba wewe mwenyewe unaweza.

Nawakumbuka watu hao kila kijana wa hapa mjini anaponiuliza swali ambalo sasa nimelizoea. Anaweza kuwa mchoraji wa Ngarenaro, rapa wa Kijenge, mpiga picha wa Sakina. Swali ni hilohilo. Niposti saa ngapi? Mara ngapi kwa wiki? Video iwe fupi kiasi gani ili watu wasiipite? Nifanye nini wafuasi waongezeke? Wapo wanaouza majibu ya maswali hayo, na wapo wanaouza wafuasi wenyewe kwa mafungu, kama nyanya za Soko la Kilombero. Sina ugomvi na biashara ya mtu. Lakini naona msanii anaweza kufanya yote hayo kwa uaminifu, akafika elfu kumi, elfu ishirini, na kazi yake ikabaki palepale ilipokuwa siku ya kwanza, kwa sababu katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia jambo ambalo angeweza kulifanyia kazi kesho yake asubuhi.

Niko kwenye kundi moja la WhatsApp la washairi. Lina walimu wa sekondari, fundi seremala, mama mwenye duka la dawa, wanafunzi wa vyuo, na mzee mmoja mstaafu ambaye ndiye admini. Siku moja kijana mpya alitupia shairi lake kuhusu mji huu. Mara moja mvua ya mikono ya makofi ikashuka, na mioyo, na moto. "Umetisha sana." "Chalii wa Chuga hatari," yaani kijana wa Arusha. Halafu mzee akaingia.

"Ubeti wa pili, mstari wa kwanza. Mizani 15."

Mstari wenyewe ulikuwa huu: Meru ukifunga wingu, mji unajificha. Kijana akajibu kwa heshima zote, "Shikamoo mzee wangu. Nimeuimba mara nyingi, unakaa vizuri."

"Marahaba mwanangu. Ukiimba unavuta, ndiyo maana huoni. Hesabu kwa vidole. Na hiyo m ya mji uihesabu, ni mizani kamili."

Kimya. Sote tulijua anahesabu. Me-ru-u-ki-fu-nga-wi-ngu, nane. M-ji-u-na-ji-fi-cha, saba. Akarudi: Meru ukifunga wingu, mji wetu hujificha. Mzee akaandika "Naam," hakuongeza neno. Wiki hiyohiyo fundi seremala akamjibu yule kijana kwa beti tano, akidai kwamba mji haujifichi hata kidogo, ni yeye anayelala hadi saa nne wakati mlima umeshaonekana na umeshafungwa tena. Kijana akajibu. Mama wa duka la dawa akaingilia kati. Sikumbuki makofi yale yalitoka kwa nani na nani, na sidhani kama kijana anakumbuka. Ila mizani 15 hataisahau, wala hataukosea tena mstari wa namna ile, kwa sababu alirekebishwa mbele ya watu na mtu ambaye hakuwa na haja ya kumdhalilisha.

Hiyo ndiyo jamii ninayoisema. Inaweza kuwa kundi la WhatsApp, chaneli ya Telegram, ukurasa wa Facebook wa wapiga picha wa ndege, hata sehemu ya maoni chini ya video ya YouTube ikiwa na watu wanaorudi wiki hadi wiki. Ukubwa wake si hoja. Kundi la mzee wetu haliwezi kujaza daladala tatu.

Sitaki nionekane nabeza kuonekana. Mwisho wa 2021 kijana wa Kimasai wa mkoani Pwani, Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, walianza kusambaa TikTok wakiigiza nyimbo za Kihindi wakiwa ndani ya mashuka yao, na Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukamtunuku Kili, na waziri mkuu wa India mwenyewe akawataja redioni. Milango kama hiyo ipo, na inafunguka kwa watu wasio na mjomba serikalini wala studio ya milioni mia. Ninachosema ni kwamba mlango ukishafunguka, mtu anaingia na alichonacho mkononi. Kama hakuna aliyewahi kukikagua, atakikagua yule wa ndani, tena bila huruma.

Arusha tuna mfano wetu wa zamani zaidi, na vijana wanaoposti leo wangefaidika kuujua. X Plastaz walianza hapa mwaka 1996: ndugu wa familia moja, Nelly, Ziggy na Gsan, na wadogo zao, na baadaye Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimasai ambaye sauti yake ilipanda juu ya midundo ya hip hop kama vile ilikuwa ikiingojea. Wakati huo intaneti hapa mjini ilikuwa ya mkahawani, ya kulipia kwa dakika, na simu ya mezani ilikuwa dalili ya uwezo. Waya wa kwanza wa intaneti wa chini ya bahari kuja kwetu, SEACOM, ulifika Dar es Salaam 2009, zaidi ya miaka kumi baadaye. Pamoja na hayo jina lao lilitangulia kwenye mtandao, kwa sababu Mholanzi mmoja, Thomas Gesthuizen, anayejulikana pia kama Juma4, alikuwa ameanzisha mwishoni mwa miaka ya 1990 tovuti ya hip hop ya Afrika, na akawa mtu wao wa karibu katika kazi. Mwaka 2004 kampuni ya OutHere ya Munich, Ujerumani, ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop.

Tovuti ile ilikuwa na faida ambayo ni rahisi kuipita. Rapa wa Arusha aliweza kujua kwamba kuna rapa Dakar, kuna rapa Accra, na kwamba nao wana tatizo lilelile la kuifanya lugha ya nyumbani ikae kwenye mdundo wa ng'ambo. Kwa kijana ambaye alikuwa akisikia Marekani peke yake redioni, hiyo ilikuwa habari kubwa. Alipata wenzake wa kujipima nao.

Lakini upande wa pili nao upo, na sipendi kuuficha. Ukitazama jina la albamu ile unaona hadhira ya mbali ilikuwa inavutwa na nini. Sehemu kubwa ya mashairi yao ni Kiswahili cha mtaani, habari za maisha magumu ya vijana wa mji huu, lakini kilichotangulia mbele ni shuka na mkuki. Siwalaumu, sauti ya Yamat ilikuwa ya kweli na ilikuwa nzuri mno, na albamu ile bado naisikiliza. Nasema tu kwamba anayetazama kutoka mbali hukuomba urudie kile alichokitambua haraka. Ukiwa mchoraji wa Arusha atakuomba twiga. Ukiwa mpiga picha atakuomba morani akiruka, Kilimanjaro nyuma yake, ingawa mlima unaoamka nao kila siku ni Meru. Na siku hizi wa mbali si mzungu peke yake: Dar es Salaam nako wanatuomba tuongee Kichuga, tuvute maneno, tuwe wababe wa kuchekesha, na video za namna hiyo zinatembea sana. Msanii akizipokea hizo laiki kama majibu ya kazi yake, baada ya miaka miwili anakuwa mwigizaji wa mji wake mwenyewe.

Nelly aliuawa mwaka 2006, na kundi halikuwa lilelile tena. Mwaka 2009 Gsan alisimama Marekani kwenye duara la marapa la tuzo za hip hop za BET, akachana kwa Kiswahili. Watu hapa walishangilia kwa sababu mtoto wa nyumbani ameonekana kwenye televisheni kubwa. Mimi nilipenda duara lenyewe. Katika duara la namna ile kila mtu husimama akisikiliza, kichwa kikiyumba, hadi zamu imfikie, na anachokisema hubebwa na kile alichokisema aliyetangulia. Marapa wa Chuga waliofuata, Joh Makini, G-Nako, Nikki wa Pili na wenzao wa Weusi, walikulia katika desturi hiyo ya kuchana kwa kundi, ambapo mwenzako akileta mstari mzuri unalala vibaya. Kijana anayerekodi peke yake chumbani na kuposti moja kwa moja amekosa ile hofu ya mwenzake aliyesimama pembeni, na mara nyingi inasikika.

Kwa wachoraji mambo yana ugumu wa aina nyingine, maana picha inaibika kwa kidole kimoja. Nenda Soko la Wamasai pale Fire Road uone. Kuna kijana mmoja namtembelea mara kwa mara, anachora kwa rangi ya mafuta inayong'aa. Rangi hiyo ni balaa mbele ya simu: inarudisha mwanga wa bati, wa dirisha, wa shati la mpigaji. Ana utaratibu wake. Hupiga asubuhi kabla jua halijaingia kibandani, picha ameitundika ukutani ikiinama mbele kidogo, na anavaa fulana nyeusi ili asijione kwenye rangi. Hupiga picha nzima, kisha kipande cha pembeni chenye saini, kisha nyuma ya turubai. Anaposti ile nzima kwa ukubwa mdogo, wa kutosha kutazamwa kwenye simu lakini usiotosha kuchapishwa kwenye fulana. Ile kubwa haitoki kwenye flashi yake. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza baada ya kuikuta kazi yake ikiuzwa kibanda cha tatu kutoka chake, imechorwa upya na mkono mwingine, kifaru wake amegeuzwa anatazama kushoto.

Tulibishana juu ya kifaru huyo. Yeye alitaka kwenda polisi. Na sheria ipo upande wake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa msanii haki tangu kazi inapokamilika, bila kusubiri kuisajili, na inailinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kunamsaidia akitakiwa kuthibitisha. Nilimwambia hivyo. Lakini nikamkumbusha pia kwamba mtindo unaomlisha ulizaliwa kwa kuigana. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za aina hiihii, na alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alikuwa ameshakusanya ndugu na vijana wachache waliojifunza kwa kumsaidia na kumwiga. Bila wao, Tingatinga angekuwa mchoraji mmoja aliyekufa mapema. Kwa hiyo kuiga si dhambi yenyewe. Ndugu wale walikaa chini ya macho yake, wakaambiwa mstari huu mnene, shingo hii imekatika, rudia. Jirani wa kibanda cha tatu aliichukua picha kwenye simu, akaichora vibaya, na hakuna aliyemwambia kwamba mguu wa nyuma wa kifaru haukunjiki hivyo.

"Mwambie wewe," nikamshauri.

"Nimwambie mwizi wangu jinsi ya kuchora?"

"Ndiyo. Mwambie mguu haukunjiki hivyo. Na mwambie kifaru ni wako."

Alinitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Sijui kama alikwenda. Nilichotaka aone ni kwamba katika soko lile, jirani yule ndiye mtu pekee aliyeitazama kazi yake kwa saa nzima, kila mstari, hadi akaweza kuirudia. Wafuasi wake wote wa Instagram kwa pamoja hawakuipa muda huo.

Kuna woga mmoja wa haki kabisa: kujibiwa kunauma, na mtandaoni watu wana midomo. Ni kweli. Ila si kila ugomvi ni hasara. Katika miaka ya 1970 washairi wa Kiswahili waligombana vibaya mno. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wengine wakafuata njia hiyo. Wenye kushika mapokeo wakasema huo si ushairi hata kidogo. Maneno makali yalirushwa, magazetini na vyuoni, na mengine hayakuwa ya adabu. Lakini angalia walichoacha. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakaandika diwani, Malenga wa Bara, na kitabu cha nadharia, Kunga za Ushairi. Jumanne Mayoka upande wa pili akaandika chake kuhusu mgogoro huohuo. Aliyekasirika alikwenda nyumbani akaandika kitabu. Ndiyo kipimo changu ninapoona vijana wamerukiana kwenye maoni, mmoja anamwita mwenzake kopi, mwingine anatafuta kiki: je, kuna kazi itakayotoka hapa? Kama ipo, acha waparuane kidogo. Kama hakuna, funga data ulale. Anayekutukania mama yako hajakosoa picha yako, na kumbloki hakuhitaji tafakuri.

Halafu kuna wajibu wa kujibu wengine, ambao vijana wengi wanauona kama kupoteza bando. Wanaingia kwenye kundi, wanatupa kiungo cha wimbo wao, wanatoka. Wiki ijayo wanatupa kingine. Mzee wetu wa mizani ana dawa yao: anayetupa kazi mbili bila kusema neno juu ya kazi ya mwenzake, ya tatu haipitishwi. Wengine wameondoka kwa hasira. Waliobaki ndio wanaotunga vizuri sasa, na mimi naamini sababu ni kwamba kumweleza mwenzako kwa nini ubeti wake umelegea ni kazi ngumu kuliko kutunga ubeti. Unalazimika kutafuta sababu. "Sijaupenda" hakukubaliki pale. Ukishaitafuta sababu mara nyingi kwa ajili ya wengine, siku moja unaiona kwenye daftari lako mwenyewe kabla hujaposti.

Mambo ya kuhifadhi kazi nitayapita haraka, ingawa yameliza watu. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yote ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Msanii ambaye kazi zake zote, wateja wake wote na wenzake wote wanaishi ndani ya akaunti moja alikaa siku hizo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Akaunti pia hudukuliwa, simu huibiwa pale stendi kweupe. Kwa hiyo flashi mbili, moja iwe nyumbani kwa mtu mwingine. Namba za simu za wenzako kumi uziandike kwenye daftari la karatasi. Na mara mojamoja mkutane, mnywe chai, muonyeshane kazi zenyewe badala ya kioo. Wa Njiro na wa Usa River si mbali kiasi hicho.

Kinachonisumbua zaidi ni wale ambao kazi zao zimo mtandaoni na wao wenyewe hawamo. Mwaka 2012 kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton ilitoa mavazi ya kiume yenye miraba ya shuka za Kimasai, na kelele ziliposikika Wamasai wakaanza kudai kwa sauti kubwa zaidi haki juu ya jina na mitindo yao. Hilo ni dai kati ya jamii nzima na kampuni kubwa. Lakini lipo dogo lake hapahapa kwetu, kila siku: ukurasa unauza mikufu ya shanga, picha safi, mwanga mzuri, maelezo yanasema imetengenezwa kwa mikono na akina mama wa Kimasai. Mama gani? Akina mama hawana majina, kama vile shanga hujipanga zenyewe zikisikia upepo wa Monduli.

Kijana mmoja ninayemfahamu ana ukurasa wa namna hiyo, na si mtu mbaya. Analipa kwa wakati, ambalo si jambo dogo. Nilimuuliza mkufu mmoja mpana wa duara, wa mistari ya buluu na nyeupe, ni wa nani. Akataja mama, akataja na kijiji. Nikamuuliza kama amewahi kumsomea mama huyo yale watu wanayosema juu ya kazi yake. Hakuwahi kufikiria. Mama alipokuja mjini siku ya soko kuleta mzigo, tulikuwa wote pale dukani.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimasai.

"Iko."

Kijana akafungua simu akaanza kumsomea maoni, akiyageuza mengine kutoka Kiingereza. Mzuri sana. Mzuri mno. Bei gani. Mioyo, mioyo. Mama alisikiliza kwa adabu, akipanga vitu vyake kwenye mfuko. Akauliza kama kuna aliyesema lolote kuhusu mstari wa buluu, maana aliupanua safari hii na hakuwa na uhakika nao. Hakuna aliyesema. Kijana akaendelea kuteremka, hadi akakuta maoni ya mwanamke mmoja aliyeandika kwa Kiswahili kwamba naye anajifunza kutunga shanga, lakini kila mkufu wa duara anaoutengeneza unajikunja unakuwa kama bakuli, haulali bapa kama huu. Hayo maoni yalikuwa na miezi, na hakuna aliyeyajibu.

Mama aliacha kupanga. Akaketi.

"Anabana waya," akasema. "Na haongezi. Kila mzunguko unaotoka nje lazima uongeze shanga, usipoongeza unavutwa ndani, unakunja. Akizidisha nako utafanya mawimbi." Akauchukua mkufu wenyewe, akaugeuza, akatuonyesha kwa ukucha pale waya unapopita kwenye vipande vya ngozi, mmoja baada ya mwingine, jinsi nafasi zinavyopanuka kadiri unavyotoka katikati. Kijana alikuwa anaandika kwa vidole gumba viwili, haraka, akiuliza "enhe, halafu?"

"Mwandikie alete picha ya wake," mama akamwambia. "Ya nyuma, siyo ya mbele. Mbele sitaona kitu."